Salme wa kwa Wakili

Kwa miaka kumi na tisa Salme Kombo alikalia meza ya mbele katika ofisi ya wakili Abdifatah Keynan, ghorofa ya pili, Donholm, na kazi yake ilikuwa majina ya watu. Kitambulisho kimeandikwa Faduma, cheti cha kuzaliwa Fatuma, cheti cha shule Fatma, na mwenyewe amesimama mlangoni machozi yakimlengalenga kwa sababu amenyimwa pasipoti. Salme alimketisha, akamsikiliza, akaandika hati ya kiapo ya kueleza kwamba hao watatu ni mtu mmoja, kisha akaipeleka ndani kwa wakili. Wakili hakuinua macho. Sahihi, muhuri, mwingine aingie. Sisemi hakuwa amesoma. Nasema wateja walioshuka zile ngazi walishuka na jina moja kichwani, na halikuwa lake.

Ofisi ilikuwa na tovuti, ukipenda kuiita hivyo. Ilikuwa na picha ya mizani, picha ya wakili amefumbata mikono, na Kiingereza kizito cha kumchosha hata hakimu. Ukiandika "wakili Donholm" kwenye Google ulipita ofisi zote za barabara ya Outer Ring, ukapita na madaktari wawili wa meno, ndipo ukaifikia. Wateja walipoanza kuadimika, wakili akamwita Mbuthia, fundi wa tovuti, aje aipandishe.

Mbuthia aliisoma kwa dakika tano, akafunga kompyuta. "Wakili, hii imeandikiwa mawakili wenzako. Mtu mwenye shida hatafuti na haya maneno." Akamgeukia Salme. "Madam, mtu akiingia hapa husema aje?"

"Husema majina yake kwa ID na kwa birth certificate hayafanani, afanye nini."

"Basi hiyo ndiyo title. Hivyo hivyo."

Wakili alicheka kwa pua, lakini akaacha kazi ifanywe. Mbuthia alisema hakuna uchawi: kila shida ipewe ukurasa wake, juu uweke swali kama watu wanavyoliuliza, chini uweke jibu, na useme uko wapi. Picha alizipunguza uzito ili zifunguke hata kwa mwenye bando la kubahatisha. Alama ya ofisi kwenye ramani, ambayo miaka yote ilikuwa imesimama mahali pa kuoshea magari, akaihamisha. Namba ya simu akaihakikisha ni ileile kila mahali. Maneno yenyewe aliyaandika Salme. Shahidi awe nani, vyeti gani ubebe, aliyefiwa na baba aanzie wapi, mwanamke aliyeachika arudije kwenye jina la kwao. Yote aliyoyajua aliyamimina humo, bure, juu ya kazi zake za kila siku, na alifurahi kweli. Hakuwahi kuulizwa na mtu anajua nini.

Baada ya miezi mitatu ofisi ilikuwa ya kwanza. Simu haikutulia. Mbuthia akaja na ripoti ya maneno ambayo watu walikuwa wakiyaandika mpaka wakaifikia tovuti, akaisoma kwa sauti, maskini, bila kujua anachofanya. La kwanza: "Salme wa kwa wakili Donholm". La pili: "Salme Kombo affidavit". La tatu: "mama wa kurekebisha majina Donholm". Jina la Abdifatah Keynan lilikuwa la kumi na moja.

"Madam, kumbe wewe ndio ofisi," Mbuthia akasema, akicheka.

Wakili hakucheka. Hata hivyo hesabu ya faida aliijua, na Mbuthia aliposhauri Salme apewe ukurasa wake, kwa vile watu wameshamzoea, alikubali. Ukurasa ukaandikwa juu: Salme Kombo, msaada wa majina na viapo, Donholm. Chini, namba ya ofisi. Salme aliupiga picha akamtumia dadake Mombasa.

Tangu hapo salamu zilikauka. Chai ikawa baridi, faili likawa limepangwa vibaya, simu ikawa imechelewa kupokelewa. Siku ya sitini na kitu wakili akamwita ndani. "Hii ofisi ni ya Keynan, Salme. Si yako." Akampiga kalamu hivyo tu, kazi ikaisha, na barua ya shukrani juu yake. Barua iliandikwa kwa Bi. Salma Combo. Mtu amerekebisha majina ya nusu ya Eastlands, na mwajiri wake wa miaka kumi na tisa hajui kuliandika lake.

Salme akaweka meza mtaa wa Mbotela, kwenye baraza ya duka la kaka yake Imran, na kompyuta na mashine ya kuchapa. Wakili mmoja wa jirani alikubali kuwaapisha watu wake. Alingoja. Wiki ya kwanza wakaja wawili, ya pili mmoja. Kilichomuuma si njaa. Aliamini watu wamemsahau, na jambo hilo lilimvunja moyo kuliko barua.

Mwezi wa pili akapita Fowsiya, muuza vitambaa wa Tassia, aliyewahi kutengenezewa vyeti vya watoto wake watano. Akashangaa.

"Abaayo, dada yangu, unafanya nini hapa? Juzi nilikuja kwako Donholm. Nimetafuta Salme Kombo kwa simu, ukatokea wa kwanza. Nikapiga, nikaambiwa njoo, Salme anakungoja."

"Ukamkuta nani?"

"Msichana. Akaniambia yeye ndiye Salme. Nikamwambia Salme ninayemjua ni mtu mzima. Akaniambia niketi."

"Na ukaketi?"

Fowsiya alitazama chini. "Nilikuwa nishafika, dada."

Salme akampigia Mbuthia, autoe ule ukurasa. Mbuthia alikuwa amekwisha kumwambia wakili autoe, akajibiwa kwamba ndio unaoleta watu. Nywila sasa zilikuwa kwa wakili, na yeye ameambiwa asiguse kitu.

Basi Salme akaipigia ofisi. Namba aliijua kuliko ya nyumbani kwake.

"Salme hapa, nikusaidie?" Sauti changa, ya adabu.

"Salme yupi?"

"Salme Kombo, mama. Shida ni ya jina?"

"Ni ya jina. Kuna mtu anatumia langu."

"Hiyo tutaandika kiapo. Njoo na kitambulisho. Niandike nani?"

"Salme Kombo."

Halafu ile sauti ikashuka, kama ya mtu aliyefunika simu kwa kiganja. "Mama, nisamehe. Mimi naitwa Nzilani. Siku ya kwanza nilisema jina langu kwa simu, nikaambiwa nikirudia niende nyumbani."

Salme alikuwa amejiandaa kutukana. Matusi aliyapanga tangu asubuhi, na yote yalikuwa ya mtu mwingine. Akakata simu.

Hata leo ukimtafuta Salme Kombo utampata wa kwanza kabisa, Donholm, ghorofa ya pili, anafungua saa mbili asubuhi. Mwenyewe yuko Mbotela, na leo hajapata mteja.