Mistari Niliyomwongezea Kwaga

Kazi yangu ni kusafisha sura za marehemu. Studio yangu iko Kampemba, karibu na soko, na picha nyingi ninazoletewa ni za kuwekwa mezani kwenye kilio. Mtu alipigwa picha akiwa hospitalini; ninaondoa kitanda, ninamvisha koti na tai, ninamwekea mbingu ya buluu nyuma. Sijiulizi maswali. Mkono unajiendea wenyewe.

Ndiyo maana mwalimu mmoja wa mtaa wa Hewa Bora aliponiletea picha ya kale ya punda milia, niikuze aibandike darasani, nilidhani imefifia. Mistari ilikuwa kichwani, shingoni na kifuani, halafu mgongo mtupu. Nikachora iliyobaki mpaka mkiani, na kusema kweli nilijisifu.

Mwalimu aliiangalia, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Papa, ile nyama ya pori inaitwa kwaga. Huku nyuma haikukuwa na mistari. Ilikufa yote duniani, njo foto tu inabakia. Sasa umetengeneza punda milia ya kila siku."

"Nilizani foto ilichoka, madamu."

"Hapana. Ilikuwa vile."

Nilimchapia nyingine. Niliona haya kidogo, basi.

Wiki ileile dada yangu alikufa Sakania kwa homa. Nilipokea simu, nikasema ndiyo, nikarudi kwenye kompyuta. Nilikula, nililala, nilipewa pole nikaitikia. Moyoni hapakuwa na kitu. Watu walinisifu eti najikaza, na hilo lilinikera.

Alikuwa ameacha picha moja tu ya maana. Shavu la kushoto lilikuwa na kovu pana. Mafuta ya maandazi yalimrukia alipokuwa msichana. Shangazi alisimama nyuma ya kiti changu.

"Utoshe ile kovu. Bantu bamuone muzuri."

Mkono ulishaanza kufuta. Nikaliangalia shavu lililotakata, ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote, nikarudisha kovu mahali pake. Shangazi alinuna, akasema namwaibisha marehemu mbele ya wageni.

Tukaiweka mezani hivyo hivyo. Mama alikuwa ameketi mkekani tangu asubuhi. Aliinuka, akaisogelea, akagusa lile shavu kwa kidole.

"Ni yeye," alisema. "Njo mutoto yangu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba dada yangu amekufa.