Agizo la Mdomo

Nilipoanza kusomea sheria za ujenzi nilikuwa na miaka thelathini na nane, kazi ya uhandisi, watoto wawili, na miguu isiyotulia. Ilikuwa shahada ya uzamili kwa ajili ya watu walioko kazini. Tulisoma kwa mtandao kila Jumamosi asubuhi: wahandisi wenzangu, wakadiriaji majenzi, na mawakili wachache waliozungumza polepole kana kwamba wana siku nzima.

Kwangu Newala mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Kwa hiyo kila Jumamosi nilidamka, nikashuka Masasi kwa mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu, aliyenipa chumba cha mbele chenye meza na dirisha linalotazama miamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa basi unywe chai kwanza."

Sikukaa. Nilivaa spika za masikioni, nikashika simu mkononi, nikawa natembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, kwa saa tatu nzima. Siku moja alisimama kizingitini akanitazama.

"Mwanangu, hii ni shule au mchakamchaka?"

Watu niliwaambia nasoma ili nipande cheo. Ukweli ni kwamba nilichoka kunyamaza. Kila mgogoro ulipotokea kazini, sisi tuliojua udongo na zege tulifunga midomo, akazungumza mwanasheria ambaye hajawahi kukanyaga shimo la msingi. Nilitaka siku moja nizungumze mimi.

Wakati huo kampuni yetu ndogo ya ushauri ilikuwa inasimamia ujenzi wa bweni la wasichana katika shule moja ya binafsi huko uwandani, mbali kidogo na Newala mjini. Msimamizi wa kila siku nilikuwa mimi. Mkandarasi alikuwa mzee niliyemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Nilifanya mafunzo yangu ya vitendo kwenye kazi moja upande wa Ndanda, yeye akiwa fundi mkuu, na ndiye aliyenifundisha kutambua zege bovu kwa kulisikiliza likimwagwa. Mbele za watu aliniita injinia. Tukiwa wawili aliniita mwanangu.

Tulipochimba msingi, kona ya mashariki ilituangusha. Mtalimbo ulizama kama kwenye uji. Palikuwa na shimo la zamani lililofukiwa, labda la choo, na hakuna aliyelikumbuka. Nilishuka mwenyewe, nikachota ule udongo, nikaunusa. Nikamwambia mzee, "Baba, usijenge juu ya hii. Chimba mpaka ukute udongo mgumu, ujaze mawe, uanzie hapo."

"Sawa, injinia."

Basi. Sikuandika popote. Nilikuwa nakimbilia kazi nyingine Tandahimba, nikajisemea nitaandika Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine ikapita.

Kazi ya kona ile ilimla mzee zaidi ya mwezi. Mawe yalitoka mbali, na maji, kama ilivyo huku juu kwenye uwanda, yalipanda kwa boza siku boza lilipotaka kupanda. Bodi ya shule ikaanza kulalamika. Kisha ikaja barua kwamba mkandarasi ni mzembe, na ipo nia ya kusitisha mkataba wake.

Bosi wangu aliniita. "Kuna agizo lolote la maandishi kuhusu kuongeza kina?"

"Hakuna."

"Basi hakuna agizo," akasema, akafunga faili. Alionekana kupata nafuu: lawama isingefika kwetu.

Jumamosi iliyofuata, kana kwamba mtu alikuwa amepanga, mada ilikuwa maagizo ya msimamizi. Mhadhiri, mama mmoja mwenye sauti kavu, alieleza jinsi mikataba mingi inavyotaka agizo la mdomo lithibitishwe kwa maandishi, na jinsi mkandarasi asiyejua hilo anavyobaki amesimama peke yake. Nilitembea chumba kile hadi mama mkwe akaniletea maji bila kuulizwa. Mwishoni tulipewa zoezi: chukua mgogoro unaoujua, ficha majina, toa ushauri wa kisheria.

Niliandika wa bweni. Niliuchambua vizuri, kusema kweli: haki za bodi, makosa ya mkandarasi, vifungu vyote. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho mhadhiri alikuwa ameandika: "Umemchambua kila mtu isipokuwa msimamizi. Yeye anajua nini?"

Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikayasoma tena. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Umefeli?"

"Hapana mama. Nimefaulu."

Akanitazama usoni, akaendelea kupepeta.

Kikao cha bodi kuhusu mkataba kilifanyika katika darasa moja la shule ile, tukiwa tumekaa kwenye madawati ya wanafunzi. Nilikuwa nimekaa karibu na bosi wangu. Mwenyekiti wa bodi alimgeukia mkandarasi.

"Una karatasi yoyote ya kukuruhusu kuchimba zaidi?"

"Sina, mheshimiwa."

"Nani alikuambia uchimbe?"

Mzee alitazama mikono yake. "Niliona shimo," akasema. "Huwezi kulaza watoto juu ya shimo."

Hakunitaja. Hakunitazama hata kidogo. Nilingoja anitaje, na naona aibu kusema kwamba kwa dakika nzima nilifurahi kuwa hakufanya hivyo. Kisha goti langu likaanza kugonga chini ya dawati kiasi kwamba bosi akaweka mkono wake juu yake.

Nikasimama.

"Niliagiza mimi," nikasema. "Kwa mdomo, nikiwa ndani ya shimo lenyewe. Nilipaswa kuandika, sikuandika. Asingechimba, ningemsimamisha kazi mimi mwenyewe."

Sikutaja kifungu hata kimoja. Vyote vilinitoka kichwani.

Mwenyekiti aliniuliza maswali mengi, nikajibu. Mwishowe bodi ilimwongezea mzee muda wa wiki sita, na habari ya kusitisha mkataba ikafutwa. Jumatatu nilikuta barua ya onyo mezani, na kazi ya bweni ikapewa mwenzangu. Miezi mitano nilikagua michoro ofisini, nikiinuka kila robo saa kwenda kuchungulia dirishani.

Kabla sijakabidhi kazi nilikwenda kumwona mzee. Alikuwa anafunga nondo na vijana wake. Nilidhani atanishukuru. Alinitoa pembeni.

"Ulijua lini kwamba wewe ndiye ungeweza kuniokoa?"

"Kama mwezi mmoja kabla ya kikao, baba."

"Mwezi mzima," akasema. "Mwezi mzima mke wangu ananiuliza kwa nini sili."

Akarudi kwenye nondo zake. Nikaondoka.

Bweni liliisha kabla ya mvua. Sasa niko mwaka wa mwisho, naandika tasnifu kuhusu maagizo ya mdomo kwenye kazi ndogo za ujenzi, na bado siwezi kuandika ukurasa mzima nikiwa nimekaa.

Mwaka huu tulikutana tena na mzee, Tandahimba, kwenye ujenzi wa ghala. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole wa kawaida. Nilipomwambia asogeze mlango mmoja kidogo kushoto, alichomoa kutoka mfuko wa shati kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, akakiweka juu ya rundo la matofali.

"Andika, injinia. Uweke na saa."

Niliandika. Akaisoma taratibu, herufi kwa herufi, akaichana nakala yangu na kunipa. Kisha akawaita mafundi wake, wakaenda kuupima mlango.