Jina Ambalo Kanisa Halikulitaja

Makoti yaliyolowa theluji yana harufu yake, na sebule yetu ya North York, huku ughaibuni, ilinuka hivyo kila Jumatano ya majira yale ya baridi, harufu ya sufu mbichi ikichanganyika na chai ya tangawizi na mandazi ya mama. Nilikuwa na miaka kumi. Watu wa kanisa letu la Kiswahili walikuja kumsikiliza baba, mzee wa kanisa, akifundisha habari za Waprotestanti wa Ujerumani enzi za ufashisti. Alieleza jinsi wachungaji walivyotundika bendera za mtawala kanisani, wakahubiri kutii mamlaka huku majirani wao wakichukuliwa, na jinsi wachache waliokataa walivyofungwa. Alikuwa akipiga meza mpaka vikombe vinalia. "Anayenyamaza naye atajibu mbele za Mungu," alisema, na wageni wakaitikia amina midomo imejaa mandazi.

Mama Baraka, nesi ambaye hakukosa hata Jumatano moja, alimwamini. Mdogo wake alikuwa amekamatwa kule nchini kwetu kwa kuisema serikali, na hakuna aliyejua alikopelekwa. Ibada yetu ilirushwa mtandaoni, na baadhi ya wakubwa wa serikali kule waliitazama. Aliamini jina la mdogo wake likitajwa hadharani, waliomshika wataogopa kumpoteza. Kwetu, kabla ya mahubiri, mzee wa zamu hutaja kila mwenye shida kwa jina ili aombewe, hata bibi wa mtu mwenye goti bovu. Jumapili ile zamu ilikuwa ya baba. Goti likatajwa. Kisha baba akakohoa, akasema, "Tuwaombee na wote walio katika dhiki." Mama Baraka akasimama. "Mzee, ana jina." Baba akainamisha kichwa. "Mungu analijua, mama," akajibu, akafumba macho na kuanza kuomba. Mama Baraka akachukua koti lake, akatoka, na kanisani kwetu hakurudi tena.

Garini nikamuuliza baba kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikisikia tu, mbona hakulitaja. Alisema kanisa halina siasa, na kwamba ndugu zetu nyumbani wangesumbuliwa. Pengine kweli. Lakini hata wale Wajerumani walikuwa na ndugu, jamani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikasirika, na Jumatano iliyofuata nikakasirika zaidi alipoipiga tena meza ileile.

Yule mdogo wa Mama Baraka hajaonekana hadi leo. Darasa la baba limekuwa kubwa, watu huingia kwa simu kutoka miji mingine, na watawala wa kuogopwa nao wameongezeka. Mwezi uliopita nilikutana na Mama Baraka mtaa wa Regent Park. Aliuliza kama baba bado anafundisha. "Mwambie," akasema bila hasira, "asisahau kuwafundisha kwamba wale walionyamaza walikuwa watu wema, kama yeye." Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyo, na nikamwambia yametoka kwa nani. Akatafuta kalamu.

"Hoja nzuri sana hiyo," akasema. "Nitaiweka kwenye somo la Jumatano."