Mashine Aliyonichagulia Ndahani

Haya nitakayokusimulia yametokea. Binti yangu Sechelela alikuwepo, na muuza duka alikuwepo. Ukidhani naongopa usibishane na mimi, kawaulize wao. Lakini lazima nianze na punda, nivumilie.

Nilikuwa mtoto bado, kwetu Mlali, baba akamtuma kaka yangu Ndahani mnadani akanunue punda wa kubebea maji. Nikafuatana naye. Palikuwa na punda mmoja mweupe, mnene, manyoya yanang'aa. Nikamshika sikio nikasema huyu huyu. Ndahani akacheka mpaka watu wakageuka. Akaniambia, "Kitu cha kutembea hakinunuliwi kikiwa kimesimama." Akamwomba mwenye mali amtembeze, kwanza mtupu, na yeye Ndahani amefumba macho anasikiliza kwato tu. Halafu wakambebesha gunia. Yule mweupe na uzuri wake wote akaanza kuchechemea. Tukachukua jike wa kijivu, sura mbaya, aliyetubebea maji mpaka mimi nikaota ndevu.

Siku ile Ndahani alikutana na vijana wenzake, akanipa kamba. "Tangulia naye, mimi nakuja." Hilo ndilo lilikuwa neno lake siku zote. Na alikuwa anakuja kweli. Nilimsikia njiani kabla sijamwona, maana kisigino chake cha kushoto alikuwa anakiburuta kidogo: pa, shwaa, pa, shwaa. Mpaka leo naweza kukupigia kwa kidole mezani.

Sasa mwaka mmoja wa ukame mtamba wetu mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, akapotea. Tukamtafuta mimi na yeye hadi chini ya milima. Jua likaanza kushuka, akaniona nimechoka, akasema, "Tangulia nyumbani, mimi nakuja." Nikatangulia. Mtamba akarudi mwenyewe jioni ile ile, anacheua, hana habari. Ndahani hakurudi. Mama alimwekea ugali wa uwele na mlenda akaufunika, na kesho yake hivyo hivyo, na miaka ikapita anafunika. Matanga hakuturuhusu kuweka. Alisema mtu aliyesema anakuja haliliwi. Mama amekufa bila kumlilia.

Basi. Tuje kwenye mashine.

Siku hizi naishi mjini Dodoma kwa Sechelela, huko Kizota, kwa sababu ya sukari na haya magoti. Daktari akasema mzee atembee kila siku. Nitembee wapi? Nje ni malori, bodaboda, na mbwa wa jirani ambaye hanipendi, sijui nimemkosea nini. Mimi niliyeswaga ng'ombe mpaka Mtera kwa miguu, naogopa kuvuka barabara kwenda kununua chumvi! Sechelela akasema atanunua tredimili, ile mashine ya kutembelea ndani ya nyumba. Unapanda juu ya mkanda, mkanda unakwenda nyuma, wewe unakwenda mbele, na wote wawili hamwendi popote. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni adhabu. Akasema, "Baba, ukianguka barabarani nani ataniita mwanangu?" Nikavaa viatu.

Tukaenda alasiri kwenye godauni moja hapo hapo Kizota wanapouza mashine za mtumba. Sechelela alikuwa amesoma mambo mengi kwenye simu. Aliulizia mota, akauliza inabeba uzito gani, inakunjika au haikunjiki, umeme ukiwa mdogo itaungua au la. Muuzaji akatuonyesha moja nyeupe, mpya mpya, ina kioo cha kuwaka taa. Akasema ina nguvu ya farasi wawili. Nikamuuliza farasi hao wanakula nini, akacheka kwa heshima. Niseme kweli, mimi ile nyeupe niliipenda. Nikaipapasa. Nikasema huyu huyu.

Nyuma yangu mtu akasema, "Kitu cha kutembea hakinunuliwi kikiwa kimesimama."

Nikageuka. Kijana wa kama miaka ishirini na kitu, amejifunga shuka begani, miguuni katambuga za tairi, fimbo mkononi. Wafugaji wa namna hiyo mjini ni wengi, wanaleta ng'ombe wanarudi. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia mlangoni, uso wake sikuushika vizuri. Hakusalimia. Sechelela alikunja uso, kijana mzima anapita mbele ya mzee bila kuamkia. Yeye akapanda juu ya ile nyeupe, akamwambia muuzaji, "Iwashe." Muuzaji akaiwasha.

Amini usiamini, nilisikia kwanza mkanda peke yake. Kisha akaanza kutembea. Pa, shwaa. Pa, shwaa.

Mdomo wangu haukuniuliza. Nikasema, "Shikamoo."

Mimi, mwenye mvi, mbele ya binti yangu. Na yule kijana, bila haya, bila kugeuza shingo, akaitika, "Marahaba, mdogo wangu."

Sechelela akaninong'oneza, "Baba, umemwamkia nani shikamoo?"  Nikashika chuma cha mashine ya kando.

Kijana akashuka, akasema hiyo hapana, mkanda mfupi. "Miguu yako ni mirefu kama ya baba. Hatua ya pili utapiga vidole mbele." Kama ya baba, alisema hivyo, nimesikia kwa masikio haya. Akapita kwenye nyingine, anaweka kiganja ubavuni kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye mimba. Moja akasema inanguruma hata ikiwa tupu, ukiipanda itakufa. Nyingine ni ngumu chini, itakumaliza magoti. Mwisho akafika kwa jeusi moja, kuukuu, limechubuka pembeni, vishikio virefu vya mzee kujishikilia. Akaliwasha likiwa tupu, akafumba macho. Kisha akaniita nipande.

Nikapanda. Chini palikuwa laini kama njia ya ng'ombe baada ya mvua. Ina kikamba chenye kibanio, akakibana kwenye shati langu kwa mikono yake mwenyewe. "Hiki usikiache. Ukiteleza kinachomoka, inasimama yenyewe." Alikuwa ananukia moshi na maziwa. Nilitaka kumwita jina lake, na niliogopa kwamba nikiliita atatoweka. Kwa hiyo nilitembea tu, naye amesimama kando yangu. Nilitamani umeme wa Dodoma usikatike kamwe.

Sechelela akakubali ile ile nyeusi. Wapagazi wakaipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kijana akachukua fimbo yake.

Nitarudi hapo. Kwanza nikwambie ya baadaye.

Njiani muuzaji, aliyekuja na gari kutufungia mashine, akamsifia Sechelela: mjukuu wa mzee anajua kuchagua. Sechelela akasema, "Mjukuu gani? Si kijana wako wa dukani?" Wakatazamana. Mimi nikawa naangalia dirishani.

Jioni ile nikampigia simu mpwa wangu anayekaa kwenye boma letu la zamani Mlali. Nikauliza kama kuna mgeni. Akasema hakuna, ila ng'ombe wametusumbua, mjomba, wakati wa magharibi wamesimama wote zizini wakageukia njia, na mtu hatumwoni. Nikamwambia afunike ugali wa mtu mmoja. Akadhani sukari imepanda.

Mashine ipo sebuleni, natembea kila jioni. Daktari anafurahi, Sechelela anafurahi. Hawajui natembea kwenda wapi. Kioo kinahesabu kilometa, nami nafahamu ni ngapi mpaka kwetu.

Wewe unayenisikiliza, ukienda kununua mashine hii usidanganywe na taa. Ivalie viatu vyako, uipande, uisikilize. Na kama kwenu kuna mtu aliyetoka akasema anakuja, siku mkikutana chunga sana neno utakalompa. Wao neno hawalisahau. Watakuja kulidai, au watakaa wanakungoja, na kungojwa si jambo dogo, mimi ndilo ninaloishi nalo sasa.

Maana ilikuwa hivi. Kirikuu kimeshawashwa, akanigeukia, akasema lile lile, kwa sauti ile ile: "Tangulia nayo, mimi nakuja."

Nikamwona mama anafunika ugali. Nikasema, "Hapana, kaka. Safari hii tangulia wewe. Nyumbani wanakungoja. Mimi nitakuja."

Akanitazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Akasema, "Haya."

Akalaza fimbo mabegani, akaitundikia mikono, akatoka getini akashika njia ya upande wa kwetu. Pa, shwaa. Pa, shwaa. Hakugeuka. Lori likapita, vumbi likapanda, na lilipotulia, barabarani kulikuwa na watu wengine tu.