Zulia la Shangazi na Kopo la Rangi ya Kijani

Siku ya tatu ya fungate mume wangu alikuwa bado hajabanduka pale alipokaa, katikati ya zulia, nami nilikwisha kuamini kwamba nimeolewa na mtu asiyenitaka. Alikula palepale. Akienda kutawadha aliacha kikoi kimekunjwa mahali pake, akirudi anakikalia. Nikimsogelea, anatazama dari.

"Nimekukosea nini?" nikamwuliza kwa hasira.

Akainuka taratibu, akaondoa kikoi. Chini yake palikuwa na doa la rangi ya kijani, kubwa kama sahani, limekauka kau.

Basi nikacheka! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kwa furaha tupu ya kujua kuwa mke mwenzangu ni doa. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua, na alikuja na kopo la rangi ili anipakie kasha langu la nguo, iwe zawadi. Akalipiga teke mwenyewe gizani, mimi nimelala. Kisha nikakumbuka zulia ni la nani, kicheko kikakatika.

Lilikuwa la shangazi yangu wa Chole, zulia la Maskati, alilotuazima kwa shingo upande. Yeye na minazi yake na ukoo wake wa Kimanga hakumtaka kijana huyu wa Ndagoni. "Mtaona atakayowafanyia," aliwaambia wazazi wangu mbele ya watu. Mama peke yake ndiye aliyemtetea bwana harusi. Siku ya saba shangazi angekuja kuchukua kilicho chake, na doa lile lingemfunga mama mdomo maisha yake yote.

Zama zile za Mdachi hapakuwa na dawa ya mambo hayo dukani, na hata ingekuwapo, maarusi hawatoki chumbani. Tulikuwa na ndimu za kulia wali. Tukasugua, doa likatutazama tu. Akaanza kukwangua kwa kucha, nikampiga mkono, maana alikuwa anang'oa manyoya ya zulia. Hapo nikakumbuka utomvu wa fenesi unavyotolewa mikononi: kwa mafuta.

Nje ya mlango alikaa somo wangu, kungwi aliyenifunda.

"Somo, naomba mafuta ya nazi. Ya moto."

"Haya, mwanangu," akajibu, sauti imemlainika.

Tukamimina, tukangoja rangi ilegee, tukaikwangua kwa ukingo wa upawa, kutoka pembeni kuja katikati ili isitambae. Mafuta yakaisha.

"Somo, mafuta tena."

"Tena?" Na vigelegele vikapasuka ua mzima. Mume wangu akajifunika uso kwa mto. Nilipoomba maji ya moto na sabuni, ili tuyatoe hayo mafuta, wanawake wakaanza kuimba.

Rangi ikatoka yote. Lo, msiba mwingine! Palipokuwa na doa pakang'aa pekundu kama komamanga, na zulia lililobaki lilikuwa rangi ya kahawa. Miaka na miaka ya makanyagio! Hapakuwa na la kufanya ila kulisugua zima. Tukapiga magoti siku zote zilizobaki, tukisukumana, tukirushiana povu, naye akinisimulia maisha yake tangu utotoni, na kila sabuni niliyoomba ilipokewa kwa vigelegele. Usiku tulilitandaza juu ya kitanda likauke, sisi tukalala mkekani. Sijapata kulala vizuri namna ile.

Siku ya saba shangazi akaingia na mama nyuma yake. Akaitikia shikamoo zetu, akatazama chini.

"Hili si langu," akasema. "Langu rangi ya kahawa. Nani kaniibia zulia langu?"

Mama akanitazama. Nilikuwa bado natafuta uongo wa kusema, mume wangu akanitangulia.

"Ni lako, shangazi. Nililimwagia rangi. Tumelisafisha mimi na mke wangu."

Shangazi akainama, akafunua ncha, akaliona pindo alilolishona kwa mkono wake. Akalipapasa zulia, akalipapasa tena.

"Mkwe," akasema, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "nyumbani ninayo mengine mawili."