Saa ya Baba na Meno ya Mtamba

Baba yangu hajawahi kununua ng'ombe bila kumfungua mdomo. Mnadani Bunda anamkamata taya, anahesabu meno, na mwenye ng'ombe akinuna shauri yake. Lakini ng'ombe aliyeletwa na ndugu hamkagui. Kwetu Mwitongo, kumfungua mdomo ng'ombe wa ndugu ni kumwita ndugu huyo mwizi mbele za watu. Nimekulia katika adabu hiyo, na ndiyo iliyoniponza.

Baba ni katekista. Saa yake ya zamani ilipokufa alianza kupiga kengele ya ibada kwa kukisia, na waumini wakaanza kumtania. Nikasema huyu mzee nitamtafutia saa ya maana. Kaka yangu, anayeuza bidhaa za nje pale Bunda, akaniambia anayo moja ya Uswisi, halisi kabisa, aliachiwa na mtalii. Hakutaka pesa. Alitaka mtamba wangu aliyekuwa akinifugia kwake, mweupe, hajazaa bado, niliyemnunua kwa kujibana kwenye mshahara wa ualimu.

"Dada, hii haitumii betri," alisema. "Inajijaza yenyewe ukitembeza mkono. Au huniamini?"

Nikaichukua na boksi lake bila kuikagua, na Jumapili nikatoka nyumbani kwangu Bweri, pale Musoma, kuipeleka kwa Baba Mwitongo, Butiama. Baba aliivaa bila hata kuigeuza upande wa pili. Majirani walipoisogelea akawaambia, "Kaniletea mwanangu," basi, yakaisha.

Mvua ya kwanza tu, ukungu ukajaa chini ya kioo. Saa ikaanza kubaki nyuma, na Jumapili moja Baba akapiga kengele wakati watu wameshachoka kumngoja nje ya kanisa. Walicheka wote, hadi wanakwaya. Baba aliivua, akanikabidhi.

Usoni kwa Baba hakukuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Nilirudi nayo Bweri, nikaikagua kama Baba anavyokagua ng'ombe. Ilikuwa nyepesi kama kizibo cha soda, wakati saa ya aina ile unaisikia mkononi. Mshale wa sekunde uliruka hatua kwa hatua; wa kweli unateleza. Tarehe ilikuwa imeegemea pembeni mwa kidirisha chake, na nilipoyakuza maandishi kwa kamera ya simu, kingo zake zilikuwa zimevimba. Namba iliyochongwa kwenye chuma haikufanana na ya kwenye kadi ya dhamana. Nikaubandua mfuniko wa nyuma. Ndani kulikuwa na betri! Yote hayo ningeyaona palepale Bunda, nimesimama, simu iko mkononi.

Nilimfuata kaka. Hata kukana hakukana.

"Sasa mzee wa Mwitongo angeijulia wapi?" akacheka. "Saa ni saa, dada. Na mtamba wako ameshaenda kwa wakwe zangu."

Tumenyonya ziwa moja mimi na huyu mtu. Kunidhulumu mimi ningemeza, lakini alimpima baba yetu akamwona mjinga, kisha akanituma mimi nikamdanganye. Nililia njia nzima hadi Musoma, na sioni aibu kusema.

Krismasi nilitaka kumfuta Baba machozi. Nikanunua mtamba mwingine mnadani, nikamkagua mwenyewe kila jino, nikampeleka Mwitongo. Kaka alikuwa ametangulia, ameketi uani na sahani ya pilau. Baba akatoka, akanisalimu vizuri, akamzunguka yule mtamba. Halafu akamkamata taya na kumfungua mdomo.

"Baba, huyo ni wa kwangu."

"Zamani ng'ombe wenu nilikuwaga siwafungui mdomo," alisema.

"Ile saa ilitoka kwa kaka! Huyo hapo, muulize."

Baba akageuka kumtazama. Kaka akamaliza kutafuna, akafuta vidole.

"Mimi habari za saa sizijui, Mzee," akasema.

Baba akamrudia mtamba, akainua mdomo wa chini kwa kidole gumba.

"Uliniletea wewe, mama," akaniambia taratibu, akaendelea kuhesabu meno.