Barua Niliyoitia Ugonjwa

Mwenyekiti wetu wa mtaa, hapa Mabatini, alikuwa mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akipanda mlima wa mawe hadi kwake na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika. Alikuja kwenye kibanda changu cha kuchapa barua, nikamwamkia, akakaa na kunitajia sentensi tatu za barua ya kujiuzulu. Ameongoza miaka kumi. Ni mzima, na hana ugomvi na mtu. Ameona inatosha, wengine nao washike. Nilipomsomea, alitikisa kichwa kukubali, akasema atarudi mchana kutia sahihi.

Nikabaki na ile barua. Uandishi wa barua rasmi nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili za watu, na nikiona karatasi ina kasoro siwezi kuiacha. Sikuwahi kuchapa barua ya kiongozi anayeondoka bila sababu. Hii niliiona iko uchi. Niliogopa watu wangeuliza imechapwa na nani. Kwa hiyo nikafuta sentensi ya pili, nikaandika: “kutokana na hali yangu ya kiafya.” Ikakaa vizuri. Naona aibu kukiri kwamba nilijisifu.

Mchana alitia sahihi bila kusoma. Miwani ameiacha nyumbani, alisema, na kwani si nimeshamsomea? Niliikunja nikaitia kwenye bahasha.

Mtendaji aliisoma kwenye mkutano wa mtaa. Alipofika kwenye afya, wanawake waliguna kwa huruma. Mama aligeuka kunitazama, na kabla hajafungua mdomo mzee mmoja alikuwa amesimama kumwombea. Nyuma yangu kijana akamwambia mwenzake, “Si nilikwambia? Hakuna anayeachia kiti akiwa mzima.”

Kesho yake wanakwaya wa kanisa lake walimpelekea uji wa ulezi na kuku. Alikana kwamba anaumwa, wakasifu ujasiri wake. Jioni akaja kibandani.

“Mwanangu, kwa nini umenitia ugonjwa?”

Nikamwambia niliona barua haina sababu.

“Sababu ilikuwemo. Nilitaka waone mtu anashuka kwa miguu yake mwenyewe. Sasa hata nikicheza ngoma watasema ni dawa.”

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniomba jambo moja tu: siku ya mkutano wa kumpata atakayeshika nafasi yake, nisimame niwaambie yale maneno ni yangu.

Niliandika maelezo yangu. Nikayachapa upya mara saba. Neno “samahani” niliona limekuja mapema mno, nikalisogeza chini, halafu likaonekana limechelewa. Siku ya mkutano nilikaa mstari wa tatu, karatasi imelowa jasho mkononi. Mtendaji akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nilikuwa bado nasoma aya ya kwanza, nikitafuta kosa, alipofunga mkutano. Mama alipita mbele yangu, akashika njia ya kwake.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Juzi, kupitia dirisha la kibanda, nilimwona akipanda mawe na ndoo yake. Jirani akatoka mbio kumpokea mzigo. Mama akaishikilia ndoo kwa mikono miwili.

“Niache, mimi mzima.”

“Tunajua, mama,” jirani akamjibu kwa upole, akiivuta. “Lete tu.”

Wakavutana kidogo, maji yakamwagika begani kwa mama, kisha akaiachia. Akabaki amesimama juu ya jiwe, mikono mitupu, akitazama upande wa kibanda changu. Niliinama nikajifanya natafuta karatasi.